Nguo, mdoli, mapambo au maandazi: watoto wamkumbuke bibi kwa lipi Krismasi hii?

Mama yangu alipofariki aliacha wajukuu ambao kwao Krismasi ilikuwa ni yeye. Ndiye aliyewasubiri kihambani, kwenye shamba la nyumbani la ukoo, walipopanda kutoka Dar na Arusha, ndiye aliyekanda unga usiku wa kuamkia sikukuu, na cherehani yake ya miguu ndiyo iliyotengeneza nusu ya nguo walizoendea kanisani. Tulipokaa ndugu kuzungumza watoto wafanyiwe nini, kila mmoja alikuja na lake. Dada alitaka magauni yashonwe kwa khanga za marehemu. Shemeji alitaka midoli. Mimi nilipendekeza mapambo ya mti. Mama mdogo akasikiliza wee, kisha akasema: wapikieni maandazi yake, mengine mnajichosha.

Kila wazo lina haki yake, na familia nyingi zinakutana na mvutano huu huu Novemba ikifika. Mimi napima kwa maswali matatu. Mikono ya mtoto mwenyewe inafanya nini hapo? Jambo hili litaweza kurudiwa mwaka kesho na mwaka wa kumi? Na je, ndicho alichokifanya marehemu kwa mikono yake? Hilo la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Bibi ambaye hakuwahi kushika sindano hakumbukwi kwa sindano, hata pambo likiwa zuri namna gani.

Kabla mkasi haujagusa kitambaa

Mawazo matatu kati ya manne yanatumia nguo za marehemu, kwa hiyo tuanzie hapo. Katika koo nyingi nguo hazina mwenyewe mpaka zigawiwe: wapo wanaogawa siku ya kuanua matanga, wapo wanaongoja arobaini, wapo wanaongoja mwaka. Shangazi anaweza kuwa ameiwekea jicho khanga ile ile uliyopanga kuikata. Kata cha kwako tu, kilichokufikia mkononi mwako mbele ya watu. Ukihitaji cha mwingine, omba, na umweleze kitakuwa nini. Ndugu wengi wakisikia ni kwa ajili ya watoto hutoa wenyewe, ila wanataka kuulizwa kwanza.

Jambo jingine: usikate zote. Acha angalau khanga moja nzima, ikiwezekana ile aliyokuwa akiivaa sana, ikunjwe na kuwekwa. Mkasi haurudi nyuma, na mtoto ambaye leo ana miaka minne anaweza kuja kuitaka siku ya kuvalishwa au ya kujifungua.

Wazungumze watoto pia. Wapo wanaofurahi kupita kiasi wakipewa kitu cha bibi, na wapo wanaoogopa nguo ya mtu aliyekufa. Asilazimishwe. Mtoto wa namna hiyo mpe kazi ya unga au ya udongo, atafika kwenye kitambaa kwa wakati wake.

Khanga moja inatoa kiasi gani

Hapa ndipo ubishi wetu ulipopata jibu, kwa sababu tulitandika khanga moja kitandani na kupima. Khanga moja, yaani nusu ya doti, ina takriban sentimita 150 kwa 110. Sasa tazama.

Gauni la mtoto wa miaka sita linakula karibu khanga nzima. Mtoto mmoja, sikukuu moja, khanga moja imekwisha. Ukiwa na wajukuu saba, kabati la bibi limekwisha Krismasi ya kwanza.

Mdoli wa urefu wa sentimita 30 unahitaji vipande viwili vya kama 40 kwa 25. Khanga ile ile inatoa vipande 12, maana yake midoli sita.

Pambo la mti, tuseme nyota au moyo, linatoka kwenye kipande cha mraba cha sentimita 12. Khanga nzima ina vipande 108. Tuseme nusu haifai kwa kuchakaa, au mnataka kuacha ile sehemu yenye jina. Vinabaki 54. Mgongo wa pambo ukiwa wa kitambaa cha merikani, kila pambo linatumia kipande kimoja tu cha bibi. Watoto watatu wakishona moja kila mmoja kila mwaka, nusu hiyo ya khanga inawachukua miaka 18. Aliye na miaka miwili leo atakuwa na ishirini.

Hesabu hii peke yake ilinitosha mimi, lakini haimtoshi kila mtu, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hajali miaka 18. Anataka kitu cha kukumbatia leo.

Nguo ya sikukuu

Faida ya nguo ni kwamba haihitaji kuanzishwa. Mtoto wa kwetu anajua tangu zamani kwamba Krismasi ni nguo mpya, kwa hiyo unachofanya ni kuweka jina la bibi ndani ya desturi iliyokuwepo. Na furaha ya kuingia kanisani wajukuu wote wakiwa wamevaa maua yale yale ya bibi ni kubwa. Wazee wanaijua khanga ile, wanaita watoto, wanawaambia habari za aliyeivaa. Hilo mapambo ya mti hayawezi kulifanya.

Lakini kwa maswali yangu matatu nguo inaanguka mara mbili. Kwanza, mtoto hafanyi chochote zaidi ya kusimama apimwe. Fundi ndiye anayeshona, na Desemba fundi ana foleni. Ukimpelekea kazi baada ya wiki ya kwanza ya mwezi, jiandae kuipokea mkesha, pengine bila vifungo. Pili, mtoto anakua. Gauni la mwaka huu mwakani ni la mdogo wake.

Kuna pia suala la uimara. Khanga ni pamba nyepesi, na iliyovaliwa miaka mingi huchakaa pale ilipokuwa ikifungwa kiunoni hata kama pembe zake bado zinang'aa. Ishike kwa vidole gumba viwili, uvute taratibu kwa urefu kisha kwa upana. Ikilia au nyuzi zikiachana, haifai kuwa nguo ya mtoto anayekimbia na kupanda miti. Iangalie pia dhidi ya mwanga wa dirisha: mahali unapoona kidole chako kupitia kitambaa, patoe kwenye hesabu.

Kama mmeamua nguo, nashauri njia ya katikati: nunua kitenge kipya, kisha khanga ya bibi iwe mfuko, kola, au mkanda wa kiunoni. Kitenge kinabeba kazi, khanga inabeba kumbukumbu. Mfuko mmoja ni kipande cha sentimita 15 kwa 15 tu, na nguo ikishambana mtoto unaweza kuufumua na kuuhamishia kwenye nguo inayofuata. Mwambie fundi aache pindo kubwa chini, sentimita 6 au 8, lishushwe mwaka wa pili.

Mdoli

Mdoli ni wa mtoto mdogo aliyekuwa akilala na bibi. Kwa huyo sioni kitu kinachoufikia. Ana mahali pa kuweka uso wake usiku, na kitambaa kile anakifahamu kwa ngozi kabla hajakifahamu kwa macho.

Usijaribu kuufananisha na bibi. Usiweke mvi, miwani wala sura yake. Mdoli uwe mdoli, uliovaa khanga ya bibi. Ukiwa bibi mdogo, mtoto anaweza kuchanganyikiwa, na ukipotea kwenye basi la kurudi Dar unakuwa msiba wa pili. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kuhusu midoli: uzito wote wa marehemu unawekwa kwenye kitu kimoja chenye kuchafuka, kupotea na kunyang'anywa na binamu. Ukishona mmoja, weka kipande cha akiba cha kushona mwingine, na usimwambie mtoto.

Cha kujazia ni uamuzi wa kweli. Sufi ni nyepesi, laini, na inapatikana kwa wanaotengeneza mito, lakini nyuzinyuzi zake hupenya mshono, humkera mwenye pumu, hushika moto upesi, na haipendi kufuliwa. Pamba hufulika lakini hujikusanya mabonge. Mimi napenda vipande vya nguo vilivyokatwa vidogo sana, tena vya nguo za marehemu zile zilizochakaa zisizofaa kitu kingine. Mdoli unakuwa mzito kidogo, ila unafulika na kukauka juani, na hakuna kilichotupwa. Macho yatariziwe kwa uzi. Vifungo na shanga kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni hatari, atavitafuna mpaka avimeze.

Mikono ya mtoto inafanya nini? Kidogo: anajaza tumbo, anachagua rangi ya macho. Na hakuna mwaka wa pili. Mdoli hushonwa mara moja.

Mapambo

Hapa mtoto anafanya karibu kila kitu. Wa miaka minne anajaza. Wa miaka saba anachora nyota kwa kufuata karatasi, anapiga bandi kwa mishono mirefu isiyonyooka, na isinyooshwe na mtu mzima. Wa miaka kumi anashona kingo na kutundika kitanzi. Mshono mbaya wa mwaka wa kwanza ndio watakaoutafuta wakishakua.

Kazi yenyewe ni hivi. Piga pasi kipande cha khanga. Kama ni chepesi mno, kibandike kwa pasi juu ya kile kitambaa kigumu ambacho mafundi hutia ndani ya kola. Kitashika sindano bila kuachia nyuzi. Kata umbo kwenye khanga na kwenye merikani kwa pamoja. Kabla ya kuunganisha, mtoto aandike upande wa merikani jina lake na mwaka kwa kalamu ya penseli, kisha adarizi juu ya mwandiko wake mwenyewe. Hili ni muhimu kuliko umbo lenyewe. Unganisha sura nzuri zikiangaliana, shona ukingo, acha uwazi wa vidole viwili, geuza, jaza, funga. Moyo hugeuka vizuri kuliko nyota, maana pembe za nyota humsumbua mtoto. Mwaka wa kwanza anzeni na moyo au duara.

Mti si lazima uwe wa dukani. Tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga linatosha, na mapambo ya kitambaa hayalielemei. Tena hayavunjiki, hayahitaji umeme.

Kuna jambo jingine lililonifanya niegemee huku. Mapambo husafiri. Familia zetu zimetawanyika: kuna aliyeko Mwanza, kuna aliyeko Muscat, kuna aliyeko Minneapolis. Vipande vitatu vya khanga vinaingia kwenye bahasha ya barua. Binamu wanaweza kushona siku moja kila mmoja kwake huku wakionana kwenye simu, na wote wakawa na maua yale yale mtini. Nguo utalazimika kujua vipimo vya mtoto usiyemwona tangu mwaka juzi.

Udhaifu wake? Mti ni wa wiki mbili, kisha kila kitu kinarudi kwenye mkebe. Mtoto anayehitaji kushika kitu kila siku hatatosheka. Na kwa nyumba ambazo hazina mazoea ya mti, mtakuwa mnaanzisha mambo mawili kwa pamoja, jambo ambalo silipendi. Basi yatundikeni dirishani au kwenye kamba juu ya picha ya marehemu.

Maandazi

Mama mdogo ana hoja, na nimekiri mbele yake. Harufu ya iliki na hamira inaamsha watoto kwa namna ambayo hakuna kitambaa kitaiweza. Halafu chakula ni cha wote: jirani anapata, mgeni anapata, babu asiyeona sindano anapata. Kinarudiwa kila mwaka bila kuisha. Na ndicho alichokifanya.

Tatizo la mapishi ya marehemu ni kwamba aliondoka nayo. Mama hakuwahi kupima kitu. Unga ulikuwa "mpaka utoshe", sukari ilikuwa viganja, maji yalikuwa ya vuguvugu "ya mkono". Ukiuliza ndugu watatu unapata maandazi matatu tofauti, kila mmoja akiapa.

Njia iliyotusaidia ni kumkalisha mtu aliyepika naye sana, kwetu ni huyo mama mdogo, apike kama anavyopika siku zote bila kuulizwa vipimo. Kazi ya mtoto mkubwa ni mizani. Unga unapimwa kabla haujaanza kutumika na baada. Sukari hivyo hivyo. Kiganja chake kimoja kinamiminwa kwenye mizani kabla hakijaingia bakuli. Maji yanatoka kwenye jagi lenye alama. Mwisho mna karatasi. Kama hakuna mtu wa namna hiyo aliyebaki, anzeni na kipimo cha kawaida, nusu kilo ya ngano, sukari gramu 100, hamira vijiko viwili vya chai, iliki ya kusaga, na maziwa ya vuguvugu kama robo lita, kisha wenye ndimi zinazokumbuka waseme: sukari ilikuwa zaidi, yalikuwa mazito zaidi, kulikuwa na nazi. Kuyatafuta hivyo ni mazungumzo mazuri sana ya msiba. Watu wanaoshindwa kusema "namkumbuka" wanaweza kusema "hapana, yake yalikuwa na chumvi kidogo."

Angalieni moto. Watoto wakande, wasukume, wakate. Karai la mafuta ni la mtu mzima peke yake, na jiko lisiwe sakafuni wanapopita. Kama bibi wenu alikuwa wa kashata badala ya maandazi, mtoto asikaribie kabisa sukari ikiyeyuka: ina joto kuliko maji yanayochemka, na inaganda kwenye ngozi. Apewe karanga za kumenya.

Hasara ya chakula ni moja, nayo kubwa kwa watoto: kinaliwa kikaisha, na mwakani mtoto hana kitu chenye mwaka juu yake cha kuonyesha alikuwepo.

Kama hakuna khanga wala mapishi

Wapo waliompoteza babu, au mjomba, au mama aliyeondoka kijana bila kuacha kabati. Kwao kuna njia mbili ambazo hazihitaji vitu vya marehemu.

Moja ni shada la Majilio, ambalo Walutheri wa Kilimanjaro wengi wanalifahamu kutoka kanisani. Lilianza kwa ajili ya watoto: mwaka 1839, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga juu yake mishumaa, midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili, ili watoto waone zimebaki siku ngapi. Nyumbani tumia waya na majani mabichi. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, kwa hiyo mna Jumapili nne, na kila mshumaa ukiwashwa mtu mmoja anasimulia habari moja ya marehemu. Mkiwa wa Kilimanjaro, jani la sale, ule mmea wanaouheshimu Wachaga, kwenye shada litaeleweka na kila mtu mezani, kwani ndilo linaloota pia kaburini kwake.

Nyingine ni pango la Krismasi, lenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, linalowafaa sana Wakatoliki. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliliandaa Greccio mwaka 1223 kwa hori na wanyama hai; ninyi mtatumia majani makavu ya migomba na udongo wa mfinyanzi. Babu aliyekuwa na ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyopinda, ng'ombe huyo awepo pangoni na pembe yake. Sanamu zisizidi unene wa kidole gumba, zikaushwe kivulini siku kadhaa, na udongo uchanganywe na mchanga laini kidogo, la sivyo zitapasuka. Kila mwaka ongezeni sanamu moja. Na msiweke mshumaa karibu na majani makavu ya mgomba, wekeni taa ya betri.

Sisi tumechagua nini, na ninyi mchague nini

Krismasi ya kwanza baada ya msiba, pikeni. Hakuna mwenye nguvu ya kukata khanga wakati huo, na nyumba yenye moto jikoni inasaidia watu wazima pia. Mtoto mdogo aliyekuwa akilala na bibi ashonewe mdoli hata kabla ya Desemba, asisubirishwe sikukuu. Kuanzia mwaka wa pili ingieni kwenye mapambo, yawe ndiyo desturi, maandazi yakiendelea pembeni kama kawaida. Nguo iwe ya tukio moja: kipaimara, komunyo ya kwanza, au siku ya kuweka msalaba kaburini.

Kwa wanaotaka ratiba, sisi tunakata vipande mwanzoni mwa Novemba, karibu na siku ya Marehemu Wote, tunapokuwa tumetoka kusafisha kaburi. Anayekata ni mtu mzima mmoja tu, na anakata vya mwaka huo tu. Shule zikifungwa watoto wanashona. Baada ya sikukuu kila pambo linakaguliwa kama limekauka, linaingia kwenye mkebe wa bati pamoja na karafuu chache za kufukuza wadudu, na mkebe unakaa kwa mtoto aliyefikisha umri wa kuutunza. Karatasi ya vipimo vya maandazi imo humo humo, chini kabisa, imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni isipate mafuta.